Radi Juu ya Kilima cha Papa

Bweremana, Jumanne asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapendo mengi, wewe na mama mdogo Augustine na wote mnaolala chini ya paa lake huko Walikale. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Ile pomade niliyokutumia, unaipaka, au umeiweka juu ya kabati ili wageni waione? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Bado nashona kwa Mama Pétronille karibu na ziwa, na wateja hawakosi, hasa wenye harusi.

Barua hii inakuja na Vestine, yule anayeuza samaki wadogo wa sambaza. Amenihakikishia kwamba motari wake wa pikipiki anajua njia zote, hata zile zisizokuwa njia. Mwambie mama mdogo akusomee polepole, asirukie mwisho na asianze kulia kabla yako kama kawaida yake. Nina haraka kwa sababu kuna mtu mwingine aliyeko njiani kuja kwako, na nataka usikie kinywani mwangu kwanza.

Mama, ulinituma jambo moja tu. Nyumba ilipoungua kule Masisi na picha zote zikaungua ndani, ulisema kwamba uso wa kilima chetu umebaki kwenye karatasi moja tu duniani, ile kadi aliyoichora kaka Lévi. Ukaniambia niitafute popote ilipo nikuletee, hata kama ni kwa kupiga magoti. Nimeitafuta miezi minane, na nimeipata.

Najua hukuupenda mchezo ule wa kadi. Ulikuwa ukiuita mchezo wa mashetani kwa sababu ya wanyama wenye mabawa na meno. Lakini ngoja nikueleze, la sivyo hutaelewa nilichofanya. Kila mchezaji ana kadi zake, nyingine za wanyama na nyingine za ardhi. Wanyama wanapigana. Ardhi inalala tu mezani na kukupa nguvu ya kuwatoa wanyama. Lakini kuna ardhi chache ambazo, ukizilipia nguvu nyingi, zinaamka. Msitu unasimama na kuwa mnyama, au mto, au kilima, unaenda kupigana zamu moja, halafu unarudi kulala kama kawaida. Ubaya wake ni huu: ardhi iliyolala, silaha nyingi haziigusi, lakini ikisimama kama mnyama inaweza kuuawa kama mnyama.

Kadi za kwanza ziliachwa Rubaya na mganga mmoja mgeni wa hospitali aliyemaliza kazi na kurudi kwao. Vijana wa machimbo wakazinakili kwenye vipande vya karto za maboksi, kisha wakaanza kuchora za kwao. Na wakatunga sheria moja ambayo mganga yule hakuwa nayo. Ardhi ikiuawa imesimama, aliyeiua anaichana pale pale mbele ya watu. Walisema mlima ukishaporomoka haurudi, na wao walijua wanachosema. Ndiyo maana mchezaji wa Rubaya haamshi ardhi yake ovyo.

Kaka Lévi alichora Kilima cha Papa kwa kalamu tatu za biki. Aliweka miti yetu mitatu ya mikaratusi, moshi wa jiko lako, na msalaba wa kaburi la Papa, baba yetu, pale juu penye mawe. Katika ile kadi kilima kinainuka kikiwa na mabega na mikono, na nyumba yetu iko kifuani mwake kana kwamba kinailinda. Nguvu saba. Hakuna aliyekuwa na kadi kubwa kuliko hiyo.

Sasa nitakuambia nilichokuficha. Unamkumbuka Evode, rafiki wa Lévi, aliyekuja kwenye matanga ya kaka akalia kwa sauti kuliko ndugu wa damu, akala sombe yako sahani mbili. Miezi michache baadaye nilikutana na Patient, aliyekuwa akichimba pamoja nao. Akanieleza kwamba siku ile udongo ulipoanguka, wenzao wote walikuwa wakifukua kwa mikono kumtafuta kaka yangu, na Evode akaondoka. Aliingia kwenye kibanda chao, akafungua mfuko wa Lévi, akatoa kadi zote. Kaka yangu alikuwa bado yuko chini ya udongo, Mama. Labda alikuwa bado anapumua. Kila nikifika hapo katika kufikiri, meno yanauma kwa kuyakaza.

Mwaka huu Evode alihamia Shasha kuuza vitambaa, na kila Jumapili baada ya misa alikuja hapa kucheza. Wanacheza kwenye depo ya Papa Hubert, mfanyabiashara wa Butembo, ambaye huondoa magunia katikati, anaweka meza, na yeye mwenyewe anakuwa mwamuzi. Nilipoingia mara ya kwanza nikakiona kilima chetu mezani, chini ya vidole vya mtu yule. Aliponiona alishtuka kidogo tu. Akanisalimu, akaniuliza habari zako! Watu wakasifu mchoro, naye akajibu bila haya: “Ni miye njo nilichora iyi. Ilinikamata wiki muzima.” Nilicheka pamoja nao na kusema kweli ana mkono mzuri.

Ulinifundisha kupiga magoti kanisani tu, Mama. Basi sikumwomba.

Nilimwendea Falone, binti anayeuza maandazi mlangoni mwa depo, ambaye anacheza kuliko wanaume wote wa Bweremana ila wanaona aibu kukubali. Nilimshonea blauzi mbili, naye akanifundisha. Nilichora kadi zangu jioni baada ya kushona. Kisha nikaanza kucheza na Evode, na nikaanza kushindwa. Nilishindwa Jumapili kumi na moja. Nilishindwa kwa makusudi, nikijifanya mjinga, nikiuliza mambo ambayo hata mtoto anajua. Na kila mara, ili kufurahisha watu, alinimaliza kwa kukiamsha kilima. Mara ya kwanza alisitasita. Mara ya tano hakusitasita tena. Mara ya kumi alikiamsha hata pasipo haja, kwa majivuno tu, akikigonga mezani na kusema: “Simama, muzee!” Papa yetu, Mama. Alikuwa akimwita Papa yetu hivyo, na watu wanapiga makofi.

Niliyahesabu makofi yale yote. Usiku sikulala kwa hasira, lakini mchana nilikuwa mtamu kama asali. Hata Mama Pétronille alidhani nimempenda yule mwanaume, akaanza kunitania kuhusu mahari.

Nilikuwa na kadi moja ambayo sikuwahi kuitoa. Inaitwa Radi. Inaua kitu chochote kilichosimama. Wewe mwenyewe unajua watu wa kwetu wanavyosema, kwamba radi haiji bure, kuna mtu anayeituma. Jumapili kumi na moja niliikalia kadi ile. Falone peke yake alijua, na alinionya kwamba nafikiria sana kuua na sifikirii kabisa kushinda. Nilimwambia achunge maandazi yake yasiungue.

Jumapili iliyopita ilikuwa sikukuu, depo ilijaa, hata wavuvi walikuja. Nilicheza vizuri kidogo siku hiyo, ya kutosha tu kumkasirisha. Nilimuua mnyama mmoja, kisha mwingine. Watu wakaanza kumcheka kwamba anapigwa na fundi cherehani. Akatoa jasho. Akanitazama, akaona mkononi nimebaki na kadi moja tu, akaamini ni takataka kama kawaida yangu. Akatumia nguvu ya ardhi zake zote, hadi ya mwisho, akakiamsha Kilima cha Papa.

Nikaiweka Radi mezani taratibu, ikiwa wazi, ili hata wa nyuma waione.

Papa Hubert akaisoma kadi, akavaa miwani akaisoma tena, akasema kilima kimekufa. Watu wakapiga kelele hadi magunia yakatetemeka. Na uso wa Evode, Mama! Ningependa ungeuona. Ulipauka kama unga wa muhogo. Miezi yote ile nilikuwa nimeungoja uso ule.

Hadithi hii ningeweza kuikomesha hapo. Ningekuambia tu kwamba sheria ilinilazimisha, na usingejua. Lakini mtu aliyeko njiani atakuambia, na isitoshe nimechoka kuibeba.

Sheria haikunilazimisha. Evode alifunika kadi kwa mikono yote miwili, akasema mbele ya watu wote: “Dada, usiipasule. Kamata yote, ni ya Lévi. Ni yeye njo alichora. Miye niliiba mu mufuko yake, Mungu anajua. Kamata, upelekee mama.” Alisema yote, Mama, hata habari ya kibanda na siku ile. Alisema aliogopa kufukua, kwamba miguu ilimkimbiza na mikono ilitafuta kitu cha kushika. Akajivua sifa zake zote pale mezani. Papa Hubert akaniambia kwamba mshindi ana haki ya kusamehe, niichukue nzima twende tukale. Falone akanishika bega, akanisihi kwa jina lako.

Kila ulichonituma kilikuwa mbele yangu. Kilima kizima, jina la Lévi limesafishwa, na sikuhitaji hata kupiga goti. Ilibaki kunyoosha mkono tu.

Nilinyoosha mkono. Nikaivuta kadi kutoka chini ya vidole vyake, nikaichana katikati, nyumba huku na miti kule. Kisha nikachana tena. Sikuitazama kadi, nilikuwa namtazama yeye. Alilia, na safari hii hakuwa na sauti kabisa. Na mimi nilifurahi, Mama. Hilo ndilo ninaloungama, kwako kabla ya padri. Nilifurahi kuliko siku yoyote tangu tuzikimbie nyumba zetu. Furaha ile ilidumu saa mbili nzima, hadi nilipokuwa nyumbani, ndipo nikatambua kwamba pale kwenye msalaba ndipo palipokuwa pamechanika.

Nilirudi mbio. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Papa Hubert akaniambia Evode ameokota vipande vyote vinne, amevipanga juu ya karto, akavigandisha kwa uji wa muhogo, akaviweka juani kwenye paa la depo. Jana alipanda pikipiki kuelekea Walikale. Anasema atakiweka kilima mkononi mwako na kukuambia mwenyewe alivyomwacha Lévi. Nilituma mtu kumzuia, akamkosa.

Mama, mimi ndiye mtoto wako, na yeye ndiye anayekuletea kilima. Hilo linanichoma, sikufichi. Nimeamka nalo leo, nimekosea kukata gauni la bibi harusi kwa sababu yake. Nilijiandaa kukuomba umfukuze. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili na kuifuta mara mbili, kwa maana nakujua, utamwekea maji ya kunawa hata kabla hajamaliza kusema.

Basi mpokee. Lakini usimwambie kwamba nimemsamehe, kwa sababu sijamsamehe. Na mimi usinisamehe haraka haraka kama unavyowafanyia watu wote. Nikija wakati wa likizo ya Augusti, niache kwanza nisimame mlangoni, unikaripie kwa sauti, majirani wasikie. Nitajua bado ninayo nyumba.

Msalimie mama mdogo Augustine, mwambie kitambaa chake cha buluu kiko tayari, nitakuja nacho. Wasalimie watoto, na mzee wa chumba cha nyuma ambaye husahau jina langu. Vestine atakupa pakiti ya sambaza. Zianike tena kabla ya kupika, njiani kuna unyevu. Mungu akulinde wewe na goti lako.

Ni mimi, binti yako,
Kétsia