Mluzi wa Kuita Kuku, Ronge

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa hapa Voi, kwenye nyumba uliyokuwa ukilalamikia joto lake kila ulipokuja.

Unawakumbuka wale vifaranga wa kwanza pale nyumbani Ronge? Kila jioni ulipiga mluzi kabla ya kumwaga mahindi. Siku za mwanzo walikimbilia mahindi tu. Baadaye wakawa wanakimbilia mluzi, hata mkono wako ukiwa mtupu. Niliporudi kutoka chuo nilikueleza sababu: ndege akipata kizuri ambacho hakukitarajia, kemikali iitwayo dopamini hupanda ubongoni mwake, ikamfundisha kushika dalili iliyotangulia. Akitarajia akakosa, hushuka.

"Kumbe mluzi wangu umeingia mpaka kwenye ubongo wao!" ukasema, ukacheka hadi mama akatoka jikoni.

Kisha mkono wako wa kulia ukaanza kutetemeka. Kanisani wakanong'ona kwamba umerudia pombe.

"Mimi sinywi, Mghoi," uliniambia. "Ni mkono tu unakataa."

Nilikuamini. Nikakuleta hospitali hapa Voi, daktari akasema ni ugonjwa wa Pakinsoni: chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini zilikuwa zinakufa. Neno hilo, dopamini, nimelitamka miaka yote nikifundisha darasani, Baba, lakini siku ile nililisikia kama tusi.

Dawa zilikupa nafuu, halafu zikaanza kushindwa. Uso ukakakamaa, midomo ikakataa kukunjana. Jioni moja ulisimama uani ukapuliza, ikatoka pumzi tu. Kuku wakaendelea kuchakura. Ukapuliza tena, na tena.

"Wamwagie wewe," ukaniambia, ukaingia ndani. Hukuwalisha tena.

Mwishoni hata uji ulikupalia. Ukashuka mapafuni, ikawa nimonia, nayo ikakuchukua. Wale walionong'ona ndio waliobeba jeneza.

Wanafunzi wangu huniuliza kama dopamini ni furaha. Nawajibu hapana, ni ubongo unapima kilichokuja na kile ulichokuwa unangoja. Kila Jumapili baada ya ibada ulikuwa ukinipigia simu. Bado saa hizo naishika simu, naangalia. Na mwisho wake naujua: kitu kikikosekana mara nyingi, ubongo hujifunza kuacha kukingoja.

Huu ubongo wangu, Baba, sitaki ujifunze hilo.

Lala salama.

Bintiyo,
Mghoi