Mke Wangu Hunibadilishia Mwisho wa Filamu

Mshauri, mhariri wangu aliniambia jana kwamba katika ile filamu ya mtoto mgonjwa wa figo mtoto anakufa, nami niliandika gazetini kuwa anapona, tena nikaongeza, "Mpeleke hata mgonjwa wako akapate moyo," na mama mmoja akampeleka binti yake wa miaka kumi na mmoja mwenye ugonjwa huohuo, na tangu siku hiyo binti anakataa dawa, anasema, "Si nitakufa tu, mama, tumeona wote."

Mimi ni mwandishi wa habari mwaka wa ishirini na sita huu, nimeripoti mahakama na ajali, sasa nina safu ya Ijumaa, filamu tano kwa maneno machache, na watu wananiamini kwa kuwa simvishi mtu kilemba cha ukoka. Ya bondia: "Ngumi nzuri, maneno mengi." Ya harusi: "Nilicheka mara mbili, zote kwa sababu ya mpishi." Ya vita: "Moshi mwingi kuliko watu, ila askari anarudi kwao." Lakini tangu mwaka jana macho yangu yanaona pembeni tu, kazini hawajui, kwa hiyo mke wangu hukaa kando yangu ukumbini, akaninong'oneza pale waigizaji wasipozungumza, nami nikaandika kana kwamba nimeona. Mwisho wa ile ya mtoto hauna maneno, ni kitanda kitupu. Yeye aliniambia mtoto yuko uani anacheza.

Nilipombana akasema, "Baba watoto, una mabaya ya kutosha. Nilikupunguzia." Kumbe hata askari hakurudi. Sasa anataka niseme nilisinzia. Nikisema ukweli kazi imekwisha, na yeye ataitwa mwongo, naye ndiye anayenitunza, hata barua ya daktari wa macho alinisomea yeye, kwamba hali itabaki hapahapa, ingawa wiki hizi naangusha vikombe. Nishike lipi? Nijibu redioni, gazeti silioni.

Jibu la mshauri:

Pole kwa macho, bwana. Pole yangu inaishia hapo. Mkeo alimdanganya mtu mmoja. Wewe uliwadanganya wote wanaokusoma. Ungekuwa mahakamani ungeandika habari ya shahidi mmoja anayenong'ona, usiulize wa pili? Na hilo la kusinzia liache, uongo umeshatosha.

Kabla ukurasa wa Ijumaa haujafungwa, mwambie mhariri kwa mdomo wako: sioni. Sahihisha kila filamu uliyosimuliwa, jina lako chini. La mkeo usilitaje, aliyetia sahihi ni wewe. Kisha omba uonane na mama wa binti. Usiende na hotuba. Mwambie uliandika usichokiona, na kwamba kifo cha mtoto wa kwenye filamu si majibu ya hospitali. Naye asikungoje wewe wala masahihisho yako: binti arudishwe kwa daktari wake kesho.

Na wewe mke wake, kama umekaa hapo kwenye redio, sikutukani. Kuwa macho ya mtu kunachosha.

Lakini wewe mwandishi, hebu fikiri. Aliyekugeuzia kitanda kitupu kuwa mtoto anayecheza ndiye huyohuyo aliyekusomea barua ya daktari. Na vikombe vinaanguka.

Jumatatu saa mbili asubuhi uwe mlangoni kwa daktari wa macho, barua mkononi. Aisome yeye, kwa sauti, mpaka mstari wa mwisho.