Nimekutaja kwa Baba

Kaka Thuso,

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nakuandikia mbio mbio. Jana, mimi na Baba tulitazama ile tamthilia ya majasusi ninayoigiza kwa siri. Nilikuwa na wigi, nimefungwa kitini, napigwa nimtaje kaka yangu. Sikumtaja, nikazimia!

Baba akapiga makofi: "Huyo binti ana damu ya kishujaa! Kazaliwa na nani?"

Furaha ikanipanda, nikaropoka: "Na wewe, Baba. Ni mimi!"

Akazima TV. "Kumbe chuo cha uuguzi huendi? Nani kakufundisha uongo huu?"

Hakunigusa, Kaka. Alinikazia macho tu, nikakutaja kabla hajarudia swali.

Barua hii nampa kondakta wa basi la leo. Baba anapanda la kesho.

Nisamehe,
Gaone, mdogo wako