Alama za Kama Hapo Juu

Nyumba za Wafanyakazi, Na. 6,
Hospitalini.
14 Machi

Mpendwa kaka,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua? Sisi huku tu wazima, isipokuwa hilo unalolijua.

Unanijua dada yako: nikiona moshi, nauliza nani kawasha moto. Mkeo alipozidi kukonda wodini na huku dawa anapewa, nilimshuku. Nilihesabu vidonge vyake, nikapekua hadi chini ya godoro. Sikupata kitu, nikashuku zaidi. Ndipo nikakuandikia kwamba wifi anatupa dawa.

Wiki iliyopita hapa maabara nilipewa daftari la wagonjwa wote wenye virusi vya UKIMWI, nihesabu wa aina ya kwanza ni wangapi na wa aina ya pili wangapi. Mia moja na kumi na wanne, wote aina ya kwanza. Wote! Roho ikanikataa. Hata maharage ya gunia moja hayafanani hivyo.

Nikatazama vizuri. Karani wetu, tunayemwita Bwana Chapuchapu, aliandika "1" kwenye mstari wa juu wa kila ukurasa, kisha akashusha alama za "kama hapo juu" mpaka chini. Nilipombana akaniambia, "Sasa dada, namba ileile niiandike mara ngapi?" Nusura nimrushie daftari.

Tukapima damu upya. Tisa wana aina ya pili, wawili wana zote mbili. Mkeo yumo katika wale tisa. Baadhi ya dawa alizopewa hazikigusi kabisa kirusi cha aina hiyo. Alikuwa anameza, kaka. Kila siku alikuwa anameza.

Daktari amembadilishia dawa tangu Jumatatu, na jana alimaliza uji. Chapuchapu anaapa kwamba daftari la mwaka jana ni safi. Nimelifungia kabatini nilikague mwenyewe, maana kiapo chake sikiamini hata kidogo.

Mkeo ameniruhusu nikuandikie haya. Nilimwomba radhi huku nalia, naye hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu: kama wewe nawe uliamini.

Nisalimie shangazi na binamu zetu waliokupokea. Mungu akuepushe na mabaya, na ulimi wangu ukiwemo.

Barua yako ijayo usiniandikie mimi. Mjibu yeye.

Dada yako akupendaye, aliyekukosea.