Neno Aliloshika

Dada yangu,

Sisi tupo, ila cherehani imekata mkanda na sare za watu zimelala mezani. Jirani muuza maziwa anakusalimu.

Unamjua binti yangu alivyo mbishi. Nikitaka afunge dirisha, namwambia aliache wazi. Nikitaka ale, namwambia chakula si chake. Miaka kumi na sita nimemlea kwa kinyume, nawe ukanicheka.

Jumatatu alisema anaacha shule, anakwenda kutafuta kazi. Nikamjibu kama kawaida, "Haya nenda, tena usirudi!" Nilijua atabaki, hata kwa kunikomoa tu. Akanitazama, akasema taratibu, "Sawa, mama." Dada, hajawahi kuniambia sawa.

Leo Ijumaa. Rafiki zake hawajamwona. Mlango siufungi, na nikisikia hatua nje natoka kutazama. Kama yuko kwako, usimwambie namtaka arudi. Hapana, mwambie. Ee dada, mimi sijui mtoto anayetii huitwaje arudi nyumbani.

Mdogo wako