Chumba Kisichovuta Pumzi

Doha, 14 Januari 2024

Dada yangu Ruqaiya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba maneno haya yakukute mzima, na lile goti lako liwe limekuachilia. Mimi sijambo wa mwili, alhamdulillah. Moyo ndio mzito.

Wiki iliyopita baridi ilikuwa kali hapa. Katika kambi ya jirani vijana watatu waliwasha makaa kwenye debe chumbani, wakafunga mlango, wakalala. Asubuhi hawakutokea kazini. Mmoja wao ni Swafwan wa Malindi, yule niliyekwambia anapika samaki wa nazi hata chumba kizima kikakumbuka kwao. Nilikuwa miongoni mwa waliowatoa. Hapakuwa na moshi, dada, wala harufu. Walikuwa kama watu waliochelewa kuamka.

Makaa hutoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksidi. Haionekani wala hainuki. Mtu huumwa na kichwa, hulegea, akapitiwa na usingizi, basi. Mimi kazini, huko chini ya jengo kwenye maegesho ya magari, huvaa kifuani kipimo cha hewa hiyo. Kikilia, sote tunatoka bila kuulizana.

Nilipotoka chumbani mwa Swafwan nilikuwaza wewe. Siyu nzima mwanamke akijifungua huitwa wewe: umkande, umpikie uji wa pilipili manga, umwekee seredani ya makaa chini ya kitanda, na mlango ufungwe asipigwe na upepo. Na Mei, inshallah, mzazi utakayemlea atakuwa mke wangu Rahima.

Abdulwahid, mwenzangu wa kazini, anakuja huko likizo. Nimempa kipimo kama hicho akuletee. Ukiwashe kwanza nje, penye hewa safi. Kisha ukitundike karibu na kichwa cha anayelala, si juu ya moto, na usubiri. Kikilia, toa watu kwanza.

Sikushutumu, dada. Wewe ndiwe uliyenilea Mama alipotutoka. Naogopa tu.

Nduguyo mdogo,
Shuaib


Siyu, 20 Februari 2024

Mdogo wangu Shuaib,

Waalaykumu salaam. Goti lingali pale pale, twaamka nalo na twalala nalo. Mkeo mzima, tumbo limekaa vizuri, na yeo amekula muhogo na papa mpaka nikamzuia. Mwenyezi Mungu awarehemu vijana hao na awape subira wazazi wao. Nililia kwa Swafwan utadhani nalimjua.

Abdulwahid ameleta mzigo. Rahima ndiye anayepiga picha karatasi hizi na kukutumia, na huzisoma kabla hujazisoma wewe, kwa hiyo nasema mbele ya mato yake: umenitumia askari. Nimewashika wazazi wa mji huu tangu nywele zangu nyeusi. Mama alikuwa akifanya kazi hii, na nyanya kabla yake. Wewe mwenyewe ulilazwa juu ya moto huo. Ulikufa?

Lakini mimi si mtu wa kukataa bila kuona. Nimeingia chumbani mwa Mama, nikafunga mlango, nikawasha seredani kama ya mzazi. Kipimo nikakitundika kwenye kamba ya chandarua, nikakaa hapo na ukindu wangu nikisuka. Kikaandika sifuri. Baadaye kikaandika nambari ndogo, kikarudi tena. Hakikulia. Nimekipeleka na kwa mkaza mwana wa jirani yetu Bi Barka, aliyejifungua Ijumaa. Huko pia kimenyamaza kama mgeni mwenye adabu.

Basi moto wa Mama hauna makosa. Tulia ufanye kazi yako. Rahima atazaa salama, na atalala chumbani mwa Mama ninapoweza kumwangalia.

Dada yako,
Ruqaiya


Doha, 9 Machi 2024

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Nimeusoma waraka wako nikacheka peke yangu kwenye basi. Usiku ule nililala, na nilikuwa nimeusahau usingizi. Ikiwa umepima na kimenyamaza, sina neno tena. Washa moto wako.

Lakini chumbani mwa Mama, hapana. Fundi Yunusi ameniandikia kwamba nyumba yangu imekwisha, bado rangi tu. Dari ya jipsam imefungwa, madirisha ya vioo yametiwa, na milango imekaa barabara hata karatasi haipiti. Dada, miaka yote hii niko huku kwa ajili ya nyumba hiyo. Nimelala watu wanane chumba kimoja ili mwanangu asidondokewe na mvua kama tulivyokuwa tukidondokewa sisi. Nataka afungue macho chini ya dari yake mwenyewe. Nikubalie hili.

Rahima naye anataka, ila anakuonea haya.

Nduguyo,
Shuaib


Siyu, 22 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Waalaykumu salaam warahmatullah. Sote wazima. Mvua imeanza, ndia ya kwenda shamba ni tope tupu, na mimi nashinda ndani kama kuku wa mayai.

Rahima hakunionea haya hata kidogo. Aliniambia: "Wifi, nataka nyumba yangu." Nikamjibu: "Sema hivyo basi, usizunguke." Tumekubaliana.

Nimekwenda kuitazama. Mashallah, nyumba nzuri. Haina mbu hata mmoja. Ukifunga mlango, adhana waisikia kama yatoka nti nyingine. Mimi hilo sikulipenda sana, lakini nyumba ni yako.

Na ili usinisumbue, nimepima. Yunusi alikuwa yuamalizia rangi, nikamwambia anisubiri barazani. Nikawasha seredani chumbani, nikakitundika kile kidude. Sifuri. Kimekaa sifuri mpaka rangi ikanitia kizunguzungu, nikatoka. Umeridhika?

Tuombee.

Dada yako,
Ruqaiya


Doha, 19 Mei 2024

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Rahima alinitumia ujumbe juzi: msichana, mzima, na jina lake Razan kama tulivyoagana. Nilisujudu pale pale kwenye maegesho, msimamizi akadhani nimeanguka. Mungu akulipe kwa mikono yako, dada. Siwezi kukulipa mimi.

Lakini nimeurudia waraka wako wa Aprili. Unasema Yunusi alikuwa anapaka rangi. Nataka kuuliza jambo moja tu: ulipopima, madirisha yalikuwa wazi au yamefungwa? Mtu akipaka rangi hufungua kila kitu. Kama yalikuwa wazi, bado hujapima, dada. Umepima upepo.

Chumba cha Mama kina paa la makuti, na kati ya ukuta na paa pana mwanya unaopitisha paka. Kile changu hakina.

Usiwashe moto ndani mpaka unijibu. Nijibu leo.

Shuaib


Doha, 24 Mei 2024

Dada,

Nimepiga simu yako, ya Rahima, ya Bi Barka. Hazipatikani. Abdulwahid aliyeko Mombasa ananiambia mvua imeangusha mtandao kisiwani kote. Ule waraka wangu wa mwisho hauonyeshi kwamba umefika.

Mbona kimya? Hata ukinitukana, nitafurahi.

Shuaib


Amu, 2 Juni 2024

Mdogo wangu Shuaib,

Assalaam alaykum. Wako hai wote wawili. Nalianza na hilo juzi uliponipata kwa simu, na naanza nalo tena, kwa sababu kwenye simu matozi yalinizuia na wewe ulikuwa ukipiga kelele. Sasa nimekaa kwenye benchi la hospitali na akili imenirudia. Muuguzi mmoja, Bi Nerea, amenipa karatasi na ameahidi kukutumia kwa simu yake. Soma mpaka mwisho ndipo unilaumu.

Ilikuwa adhuhuri, mvua na upepo. Rahima alikuwa na siku chache tu tangu kujifungua. Siku za mwanzo palikuwa na joto, tukakaa madirisha wazi. Siku ile tangu asubuhi upepo ulikuwa ukimpiga mtoto, nikafunga kila kitu, nikamwekea mzazi seredani chini ya kitanda. Waraka wako haukuwa umefika. Kipimo nilikitundika kwa mazoea, kama mtu anavyotundika hirizi.

Nikaenda kumwaga maji ya kuogea. Niliporudi kilikuwa chalia. Kililia kwa sauti ya kukera, mtoto akashtuka. Na mimi, Shuaib, nilidhani kimeharibika. Kilikuwa kimya tangu Februari, nimeuzoea ukimya wake. Nikakichukua, nikatoka nacho barazani. Kikanyamaza. Nikasema, "Waona? Betri hii." Nikarudi nacho ndani, na hata kitandani sijafika, pale mlangoni tu, kikalia tena.

Rahima akaniambia, "Wifi, kitwa chaniuma tangu asubuhi. Na wewe je?"

Nami kilikuwa chaniuma. Kitwa huniuma kila ninaposhika mzazi, nikasema ndiyo kazi. Nikawaangalia wote wawili. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Hapo ndipo nilipojua si betri.

Nikamwambia, "Inuka tutoke." Akainuka, akaanguka.

Sasa nakuambia nililofanya. Nilimchukua mtoto. Nilimruka mkeo yuko chini yuaniangalia, nikatoka na mtoto, nikamlaza barazani juu ya kanga yangu, nikapiga ukelele. Kisha nikarudi. Nilitaka kufungua dirisha, na kile kitasa chako cha Mombasa sikujua kinavutwa wapi. Nikatwaa mbuzi ya kukunia nazi nikakipiga kioo, kimoja, kisha cha pili. Nikamkokota Rahima kwa godoro. Nilifika naye mlangoni, nguvu zikaniishia. Bi Barka na wanawe ndio waliotuvusha mlango ule.

Maji yalikuwa yametoka mkondoni, boti haikupita mpaka yalipojaa. Tulikaa pale bandarini chini ya turubai na Razan nimemtia kifuani, nikimfinya kisigino ili alie. Alilia. Sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile.

Hapa waliwatia hewa ya mtungi. Mtoto ananyonya. Rahima yuazungumza, lakini maneno humpotea. Jana aliniuliza jina la mtoto. Nikamwambia. Baada ya kitambo akaniuliza tena. Kuhusu mtoto, daktari asema tungoje tuone anavyokua. Nilimuuliza tungoje nini, akasema: kama atashika kitwa, kama atawafuata watu kwa mato. Hayo huja na wakati wake.

Nilimwacha mkeo ndani, Shuaib. Alikuwa yuaniangalia. Kama una neno, niambie mimi, usimwambie yeye.

Dada yako,
Ruqaiya


Doha, 5 Juni 2024

Dada yangu,

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sina neno. Ungemchukua Rahima kwanza, ungewapoteza wote wawili, na wewe juu yao. Yeye mwenyewe angekuambia umchukue mtoto. Muulize akipata nguvu.

Nilidhani adui ni moto wako. Nikakutumia kipimo kana kwamba wewe ndiwe hatari, nawe ukapima, ukaniambia kweli: chumba cha Mama hakina makosa. Nilichokisahau ni kwamba Mama na nyanya walikuwa wakiwasha moto huo katika nyumba zenye kuvuta pumzi. Mimi nilijenga nyumba nikaiziba pua, halafu nikakuomba umtie mke wangu humo.

Mwambie Yunusi aibomoe dari. Yote. Ukutani juu afungue matundu.

Lakini dada, usirudi ukasema basi, chumba cha Mama ni salama milele. Mwanya ule ukizibwa kwa gunia siku ya mvua, mambo ni yale yale. Moto usiingie tena chumbani mwa aliyelala. Hili nakuomba kwa magoti.

Nimeomba ruhusa ya kuja. Wameniambia Agosti.

Nduguyo,
Shuaib


Siyu, 16 Julai 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Twakungoja kwa hamu, na goti langu pia lakungoja, maana wewe ndiwe pekee unayeliuliza. Tumerudi Siyu, tuko chumbani mwa Mama. Arubaini imepita. Tumesoma maulidi kidogo tu ya watu wa nyumbani, kwa sababu Rahima kelele zamchosha.

Yunusi amebomoa dari. Alinuna kana kwamba nambomoa yeye. Nyumba yako sasa yapitisha upepo, na popo mmoja ameshaingia kuitazama.

Seredani haivuki tena kizingiti cha chumba cha mzazi. Nachemsha maji uani, nawakanda kwa vitambaa vya moto, navibadilisha vikipoa. Kazi imekuwa mara mbili. Wazee wenzangu wasema nimeiacha mila. Nawaambia mila ni mzazi apate joto, na joto yualipata.

Sasa nikupe la juma lililopita. Binti wa Bwana Gharib amejifungua. Nyumba yao mpya, dari na vioo kama ile yako. Hawakuniita mimi, walimwita mwengine, na nikasikia wamewasha moto ndani. Nikatwaa kipimo nikaenda. Mamake akanizuia mlangoni. "Bi Ruqaiya, twakuheshimu. Lakini kidude hicho kililia kwenu mkapata msiba. Usituletee mkosi."

Nikasema, "Hakikuleta msiba, kiliusema."

"Rudi kwako, dada."

Niligeuka, na nyuma yangu alikuwa Rahima. Sikumwita, sikujua kama amenifuata. Tangu hospitali alikuwa hajatoka nyumbani, hajasema na mtu asiye wa kwetu, kwa kuona haya maneno yakimponyoka. Alisimama kwenye baraza ya watu, akaanza: "Kitwa… kitwa kilikuwa chaniuma. Nikadhani ni uzazi." Neno lilikuwa limempotea, nikaliona likimpotea. Nilitaka kumsaidia, akanishika mkono ninyamaze. Akalitafuta mpaka akalipata. "Sikuweza kumwita mtu. Namuona wifi yuatoka na mwanangu, na mimi siwezi hata kusema ahsante."

Mama mtu akamtazama, kisha akaingia ndani. Tukasikia kitanda kikiburutwa. Akatoka ameishika seredani kwa vitambaa viwili, makaa yangali mekundu, akaiweka katikati ya uwanja penye mvua.

Ndiani kurudi nilimuuliza Rahima ile ahsante ilikuwa kweli au ya kuwaambia watu. Akaniambia, "Wifi, wewe huuliza maswali ya kijinga."

Na jambo jingine nilikuwa nimeliweka mpaka mwisho, nikihofu kulisema kabla sijaliona mara mbili. Asubuhi ya jana, na tena asubuhi ya yeo. Rahima aliondoka kitandani kwenda kufungua mlango, hakusema neno, hakufanya hata chakacha. Na Razan mato yake yakamfuata mamake, taratibu, kutoka kitandani mpaka mlangoni, na mlango ulipofunguka yakabaki pale pale kwake.

Ndoo nyumbani umuone.

Dada yako,
Ruqaiya