Sumaku ya Kabla ya Nyota

Jumatatu, 4 Machi
Nimekirudisha kipokea mawimbi kwenye ile sahani kubwa inayosikiliza nyota. Boliti kumi na mbili, peke yangu, kwa jicho. Kipimapembe kiko stoo – nikifuate cha nini? Nimefunga injini za meli bandari saba mimi. Mama watoto anasema jicho kali hivyo, mbona halioni nguo zangu sakafuni.

Jumatano, 13 Machi
Daktari wa nyota, mtafiti wa hapa kituoni, kaja karakana, kainywa chai yangu, anacheka peke yake. Nikamuuliza, umepata mchumba? Kaniambia, Fundi, kaa kwanza.
Kuna sumaku huko juu, kwenye utupu kati ya galaksi, yale makundi makubwa ya nyota. Hafifu kuliko ya mlango wa friji mara mabilioni. Huenda ilizaliwa kabla nyota ya kwanza haijawaka. Haionekani. Ila mawimbi ya redio ya mbali yakipita humo, hupindishwa kidogo. Anapima ule mpindo. Miaka sita anautafuta, sasa kaupata. Ijumaa anatangaza.
Kabla ya nyota! Nyumbani nimeifungua friji kwa heshima.

Alhamisi, 14 Machi
Nimeamka na neno moja kichwani: mpindo. Nikapanda kwenye sahani na kipimapembe. Kipokea mawimbi kimekaa upande, kwa pembe ya nyuzi nne.
Hakuna aliyeniona. Ningeweza kunyamaza. Lakini asimame kesho mbele ya wakubwa, atangaze boliti zangu kuwa mwanzo wa ulimwengu?
Nimemwambia. Kanitazama mpaka nikatamani anitukane. Halafu kasema: bandari saba, eh? Kavuta kiti. Kasema boliti hupindisha mawimbi yote sawasawa. Sumaku sivyo – wimbi likiwa refu zaidi, nalo hupinda zaidi. Tupime moja moja, tuanze na fupi. Kompyuta inachukua nusu saa kwa kila wimbi, ndiyo maana naandika hapa hapa.
La kwanza: nne. La pili: nne. La tatu: nne nukta moja. Nikauliza, hiyo nukta ni yangu au ya mbinguni? Kasema bado, huenda ni kelele tu.
Kazi sijui kama ninayo. Naiombea sumaku.
Sasa la nne, refu kuliko yote: ikibaki nne ni boliti zangu, ikizidi sana ni sumaku. Daktari kageukia ukutani, hataki kuona. Nisomee wewe, kasema. Namba inatoka –